Boksi la manga maktabani: namna ya kuandika mapitio ya umri

SWALI: Nasimamia maktaba ya shule ya msingi yenye wanafunzi wa miaka 6 hadi 14. Tumepata msaada wa maboksi mawili ya vitabu vya katuni vya Kiingereza. Vingi ni manga za Kijapani, vingine ni vya Marekani na Ubelgiji. Mwalimu mkuu anataka kila kitabu kiandikiwe mapitio mafupi kabla hakijapanda rafuni, yaseme kinamfaa nani. Baadhi vina herufi A au T nyuma. Nizifuate hizo tu? Na mapitio yenyewe niyaandikeje? (Mwalimu wa maktaba, Tanga)

JIBU: Mwalimu, herufi hizo zisome, ila usiziachie zikusomee kitabu. Kila mchapishaji ana zake. VIZ Media ya Marekani, ambayo manga zake husambaa sana, huandika A kwa msomaji wa umri wowote, T kwa miaka 13 kwenda juu, T+ kwa miaka 16 kwenda juu, na M kwa mtu mzima wa miaka 18. Wengine hutumia namba tupu: 10+, 13+, 16+. Zote zimewekwa kwa kumfikiria mnunuzi wa Marekani. Hazikwambii kilichomo ukurasa wa 47, wala hazimjui mzazi wa Tanga anayekuja kuuliza kwa nini mwanawe karudi nyumbani na kitabu kile.

Kuna maneno mengine yanayopotosha zaidi ya hizo herufi: kodomo, shonen, shojo, seinen, josei. Wengi huyachukua kama viwango vya umri, na si hivyo. Manga nyingi hutoka kwanza sura kwa sura kwenye jarida la kila wiki au kila mwezi, na kila jarida lina wasomaji linaowalenga: kodomo ni watoto, shonen wavulana, shojo wasichana, seinen wanaume wazima, josei wanawake wazima. Hadithi hubeba jina la kundi la jarida lililoizaa, basi. Chi's Sweet Home, manga ya Konami Kanata kuhusu paka mdogo, ilitoka katika Morning, jarida la wanaume wazima, kuanzia 2004 hadi 2015, na mtoto wa miaka 7 anaifurahia bila tabu. Death Note, hadithi ya daftari linaloua kila anayeandikwa jina humo, ilitoka katika Weekly Shonen Jump, jarida la wavulana, na VIZ wenyewe wakaipa T+. Ukipanga rafu kwa kufuata maneno hayo, paka atapelekwa kwa walimu na daftari la kuulia watu litapelekwa darasa la nne.

Sura ya mchoro nayo haisemi umri. Macho makubwa na vichwa vya mviringo ni mtindo tu wa kuchora, kama mwandiko. Waliokua na jarida la Sani wanakumbuka kwamba wahusika wake wa katuni, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walisomwa na baba kabla hawajafika kwa mtoto, ingawa walichorwa kwa kuchekesha.

Kabla hujaanza kusoma, hakikisha unakishika kitabu inavyopasa. Manga nyingi zilizotafsiriwa hubaki na mpangilio wa Kijapani: kitabu hufunguliwa upande ambao kwetu ni nyuma, na ukurasa husomwa kuanzia fremu ya juu kulia, kwenda kushoto, kisha kushuka. Viputo vya maneno ndani ya fremu moja navyo hufuata mkondo huohuo wa kulia kwenda kushoto, lakini maneno ya Kiingereza ndani ya kiputo huenda kama kawaida. Hapo ndipo watu wazima wanapojikwaa: jibu wanalisoma kabla ya swali, halafu wanaandika kwamba hadithi haieleweki. Watoto wako wanaokwenda madrasa hawatakusumbua. Waambie kinafunguliwa kama juzuu amma, hutarudia. Baadhi ya matoleo yamegeuzwa yasomwe kutoka kushoto, na toleo la Kiingereza la Chi lililotolewa na Vertical ni mojawapo. Kwa hiyo tazama kila kitabu, usikisie. Kata karatasi ndogo yenye mshale, ibandike kwenye jalada la upande wa kuanzia. Dakika moja kwa kitabu, na utapunguza nusu ya maswali.

Sasa kusoma. Manga ya kawaida ina kurasa 180 hadi 200 na mtu mzima huimaliza kwa saa moja au chini yake. Mhakiki wa vitabu vya watoto anaipitia mara tatu, na mara ya pili na ya tatu ni za haraka.

Mara ya kwanza soma kama msomaji, bila kalamu. Ukianza na kalamu mkononi utaona makosa tu, na hutajua kama kitabu kinavuta au kinachosha.

Mara ya pili funua picha bila kusoma neno hata moja. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na kwa shule yako ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza atakisoma kitabu cha Kiingereza hivyohivyo: kwa macho. Mzaha ambao maneno yanaulainisha, yeye atauona mkavu. Utisho ambao maneno yanaufafanua, yeye atabaki nao bila maelezo. Angalia hasa fremu ya kwanza baada ya kila kufunua ukurasa. Mchoraji wa katuni huweka mshtuko pale kwa makusudi, maana jicho halikuweza kuuona mapema. Katika manga ya kulia kwenda kushoto, mahali hapo ni kona ya juu kulia ya ukurasa wa kulia. Ukitaka kujua haraka kama kitabu kitamfukuzia mtoto usingizi, pitia kona hizo tu.

Mara ya tatu soma ukiwa na vipande vya karatasi. Kila unaposita, chomeka kipande kilichoandikwa namba ya ukurasa, fremu ya ngapi, na neno moja: damu, utupu, tusi, pombe, hofu, dharau, imani. Usitoe hukumu bado. Manga nyingine zina kurasa zisizo na namba, kwa kuwa picha imejaa hadi ukingoni. Hesabu kuanzia ukurasa wa karibu wenye namba.

Ukimaliza, pima ulichokusanya, na kupima si kuhesabu vipande. Ngumi ishirini za kuchekesha, ambazo kila anayepigwa anainuka na uvimbe wa kikatuni kichwani, ni nyepesi kuliko kofi moja la baba kwa mtoto lililochorwa kwa utulivu. Jiulize: jambo limechorwa kwa ukubwa gani, kifremu cha kona au kurasa mbili nzima? Anayelitenda ni shujaa au adui? Kuna anayeumia kweli, na maumivu yanaonekana yakidumu? Limewekwa lichekeshe? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani mtoto huiga kilichomchekesha kabla hajaiga kilichomtisha.

Chukua Death Note. Mwanafunzi mwerevu anaokota daftari, na kila anayeandikwa jina humo hufa, mara nyingi kwa moyo kusimama. Damu ni kidogo. Anayehesabu damu atakipa kitabu hicho miaka 10. Uzito wake uko kwingine: kijana anaua watu kwa mamia, anapata hoja za kujitetea, na hadithi inamfanya msomaji aanze kukubaliana naye. Kwa kijana wa miaka 16 ni mjadala mzuri sana. Kwa mtoto wa miaka 10, msomaji anaachiwa kazi ya kupinga hoja ambazo hana nguvu ya kuzipinga. Shule ya msingi haina mahali pake, na kusema hivyo si kukitukana.

Dragon Ball ya Akira Toriyama ni mfano wa upande wa pili, na pengine ndiyo iliyowaponza wakutubi wengi. Ilitoka kuanzia 1984 hadi 1995, juzuu 42. Watoto wanamjua shujaa wake, Goku, akiwa mkubwa kwenye televisheni, mwenye nywele zilizosimama. Lakini juzuu za mwanzo ni za Goku mdogo wa mwituni, zimejaa mizaha ya utupu na mzee anayemtamani msichana, tena imechorwa kwa furaha na umahiri. Mwaka 2009, huko Wicomico County, jimbo la Maryland, Marekani, mzazi alilalamika baada ya mwanawe wa miaka 9 kuja nayo kutoka shuleni, na wilaya ikaiondoa katika maktaba za shule zake. VIZ waligawa mfululizo huo sehemu mbili: juzuu 16 za kwanza zinaitwa Dragon Ball, 26 zilizobaki zinaitwa Dragon Ball Z, na hizo za pili ndizo za Goku aliyekua. Aliyetazama runinga tu akaandika mapitio ya juzuu ya kwanza ataumbuka. Katuni ya televisheni na manga yake ni vitu viwili. Ya televisheni hukatwa, huongezwa, hupozwa.

Hata kitabu cha umri wote kina mambo yake. Doraemon ya Fujiko F. Fujio imelea watoto wa Asia tangu mwisho wa 1969, na bado ina mzaha unaorudiarudia wa mvulana Nobita kumkuta msichana Shizuka akioga. Hapa tofautisha vitu viwili. Kuoga kwa familia ni jambo la kawaida katika maisha ya Kijapani na picha yake si ya uchafu. Kuchungulia anayeoga, na msomaji akaalikwa kucheka, ni jambo lingine. Ukiandika «kuna picha za uchi» kwa yote mawili, umemdanganya mzazi mara moja kati ya mbili.

Kuna lugha ya ishara unayopaswa kuijua, la sivyo utaandika vioja. Damu inayotoka puani kwa mwanaume anayemwangalia msichana si jeraha. Ni ishara ya kutamani, kwa hiyo kipande chako kiseme tamaa, si damu. Tone kubwa la jasho pembeni mwa uso ni aibu au kushindwa cha kusema. Mishipa iliyokunjamana kama msalaba kwenye paji ni hasira, haihusiani na dini yoyote. Povu linalotoka puani ni usingizi. Mtu akipungua ghafla akawa kama kikaragosi chenye kichwa kikubwa, mchoraji anakuambia kwamba fremu hiyo ni utani na usiipime kwa mizani ya fremu ya kawaida.

Kumbuka pia kwamba manga karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Damu huwa wino mweusi, na jicho la mtu mzima hulipita doa lile kana kwamba ni kivuli. Na mara nyingine ukatili hauchorwi kabisa: fremu moja inaonyesha panga limeinuliwa, inayofuata ni kandambili moja imebaki mlangoni. Katikati pana nafasi nyeupe ya upana wa milimita chache tu, na kilichotokea humo amekijaza msomaji mwenyewe. Mtoto mwenye mawazo mengi huogopa nafasi hiyo kuliko picha yoyote. Chomeka kipande cha karatasi hapo pia.

Suala la imani litakujia mapema kuliko yote, kutoka misikitini na makanisani. Manga ina mizimu, miungu ya mito, mazimwi, na wale wanaoitwa shinigami, yaani miungu ya kifo. Usiandike «kina uchawi» ukaishia hapo, kwani hata hadithi zetu za sungura na zimwi zingeanguka mtihani huo. Andika kinachotendeka: je, mzimu ni mhusika wa kuchekesha, ni adui wa kupigwa, ni kitu kinachoabudiwa, au kitabu kinafundisha tambiko ambalo mtoto anaweza kujaribu uani? Mzazi akijua hilo ataamua mwenyewe.

Sasa jambo ambalo herufi za Marekani hazilipimi ipasavyo: namna mtu mweusi anavyochorwa. Hapa wasomaji wako ndio wanaochorwa. Boksi lako lina vitabu vya Ubelgiji, kwa hiyo tazama kama Tintin ya Kongo, kisa cha mwandishi wa habari Tintin akiwa Kongo, imo. Mchoraji Mbelgiji Hergé aliichora mwaka 1930 na 1931, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji, na Waafrika humo wana midomo minene kama maandazi, wanaongea kama vitoto, wanamsujudia mgeni. Toleo la rangi la 1946 lilipunguza machache: somo ambalo Tintin anawafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa hesabu za kujumlisha. Michoro ilibaki. Mkongo mmoja aliyeishi Ubelgiji alifungua kesi mwaka 2007 kutaka kitabu kizuiwe, na mahakama ya Brussels ikakataa mwaka 2012. Uingereza baadhi ya maduka yalikihamishia upande wa watu wazima. Ushauri wangu ni rafu ya walimu: ni kitabu kizuri cha kufundishia historia kwa wanafunzi wakubwa, mwalimu akiwepo, na ni kitabu kibaya cha kumwachia mtoto wa miaka 8 mchana wa Jumamosi. Manga za zamani nazo zina picha za namna hiyo hapa na pale, Mr. Popo wa Dragon Ball mwenye uso mweusi tii na midomo mikubwa ni mmoja wao. Katika mapitio andika mwaka wa kuchorwa na useme wazi picha ilivyo. Usisamehe kwa niaba ya msomaji, na usilifiche.

Tukija kwenye usomaji wenyewe, toa umri mara mbili: umri wa maudhui na kiwango cha Kiingereza. Ukivichanganya, mtoto wa miaka 13 anayesoma Kiingereza kwa taabu atapewa vitabu vya watoto wa miaka 6 na hatarudi maktaba. Fungua kurasa tatu, moja ya mwanzo, moja ya kati, moja ya mwisho, uhesabu maneno. Chini ya maneno 40 kwa ukurasa, anayeanza anaweza. Kati ya 40 na 100, anahitaji kuwa anasoma aya nzima darasani. Zaidi ya 100, mwachie darasa la sita au la saba. Hesabu fremu pia: nne hadi sita kwa ukurasa ni nafuu, tisa na zaidi humchosha mdogo. Kisha angalia herufi. Katuni nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mtoto aliyezoea herufi ndogo za kitabu cha kiada atasoma polepole kuliko uwezo wake. Manga ina tatizo la ziada: Kijapani huandikwa kwa kushuka, hivyo viputo ni virefu na vyembamba, na Kiingereza kikibanwa humo maneno hukatwa katikati kwa kistari. Mtoto husoma nusu neno akadhani ni neno. Likiwa tele, litaje.

Na kama kwenye boksi kuna Dog Man, katuni ya Mmarekani Dav Pilkey, watoto watakigombania, na wana haki. Ila kimeandikwa kana kwamba wavulana wawili wa shule ndio waliokichora, kwa hiyo kina makosa ya tahajia yaliyowekwa kwa makusudi. Mtoto wa Kiingereza cha nyumbani anacheka. Wako atanakili kosa kwenye daftari. Sentensi moja ya onyo kwa mwalimu wa Kiingereza inatosha. Kitabu hichohicho kina kurasa za kupepea haraka mbele na nyuma ili picha ionekane inacheza. Kurasa hizo ndizo huchanika kwanza, kwa hiyo zipige gundi ya karatasi kwenye mshono kabla hujakiazimisha.

Mfululizo usiuhukumu kwa juzuu moja. Hadithi ndefu hukua pamoja na wasomaji wake: Naruto ilianza 1999 ikaisha 2014 katika juzuu 72, na vita vya mwishoni si mizaha ya mwanzoni. Soma ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kati ya ulizonazo, kisha andika umri wa iliyo nzito zaidi, ukisema inaanzia wapi kuwa nzito. Kwa zile ambazo juzuu zake hazimo bokisini, programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyoanza 2019, hukuonyesha bure sura tatu za kwanza na tatu za mwisho za manga zake nyingi. Ni chombo chako wewe, simu yako usimpe mtoto, maana humo manga za rika zote zimekaa pamoja.

Vilevile tazama kama visa vinategemeana. Doraemon ina juzuu 45 lakini kila kisa kinajitegemea; ukipata ya 3, ya 17 na ya 30 hujapungukiwa kitu. Naruto ya 1, 2 na 9 ni mateso. Taja ulizonazo, na mfululizo wa mnyororo wenye mapengo uwekee alama ili mtoto ajue kabla hajazama.

Mapitio yenyewe yasizidi maneno 150. Mzazi anasoma akiwa amesimama mlangoni. Huu ni mfano:

«Chi's Sweet Home, juzuu ya 1. Konami Kanata. Kiingereza, rangi, husomwa kutoka kushoto. Mtoto wa paka anapoteana na mama yake, anaokotwa na mtoto Yohei na mamaye, na anafichwa katika nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama. Visa ni vya kurasa chache na vingi vinaeleweka kwa picha: sura ya paka ndiyo inayosema, maneno ni machache. Asiyejua Kiingereza atafuata; anayeanza atajisomea. Kuna utani wa haja ndogo, na jina la paka limetokana nao. Mzazi ajue: paka anamlilia mama yake katika visa vya mwanzo. Mtoto aliyefiwa au kutenganishwa na mama karibuni asome na mtu mzima. Hakuna mapigano wala matusi. Maudhui: miaka 6 na kuendelea. Kiingereza: mwanzo. Tunazo 1, 2 na 4.»

Ona yaliyoachwa. Hakuna «kitabu kina mafunzo mengi», kwa sababu hayo yanasemwa kuhusu kila kitabu na hayamsaidii mtu. Hakuna «michoro mizuri». Kuna picha inavyofanya kazi. Mwisho wa hadithi haukusimuliwa. Na lile la mama limo, ingawa hakuna herufi ya mchapishaji itakayokuambia kwamba kitabu kitamu cha paka kinaweza kumliza yatima. Hilo ndilo unalolipwa kuliona, hata kama hulipwi.

Kwa vitabu ambavyo bado unasita, wape watoto wawili wa rika tofauti, mbele yako. Usiwaulize kama wamependa, watasema ndiyo. Weka kidole kwenye fremu uliyosita uwaambie: nisimulie hapa pana nini. Mara nyingi mdogo hakuona kabisa ulichokiogopa, na ameona kingine kabisa ambacho hukukichomekea karatasi.

Anza na juzuu za kwanza za kila mfululizo, zipite zote ndani ya wiki mbili, uwe na kitu cha kuweka rafuni wakati unaendelea na nyingine. Vipande vya karatasi usivitupe: viweke kwenye bahasha yenye jina la kitabu. Mzazi akija na lalamiko, utatoa bahasha, utafungua ukurasa husika naye akiwa amekaa, na mtazungumzia fremu mnayoiona wote wawili.